Kulipia hoteli hakumwondolei mtu ugeni: Somo la likizo ya Unguja

LIPO jambo lililoenea kwa kasi miongoni mwa Waislamu wa mijini, nalo halijapata nafasi ya kutosha katika darsa zetu. Jambo hilo ni likizo ya visiwani. Zamani mtu wa bara alivuka kwenda Unguja kwa biashara, kwa harusi, kwa msiba au kwa kusoma dini. Leo familia ya Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza inadunduliza mwaka mzima ili ikae siku tano Nungwi au Paje. Maharusi wanakwenda fungate Kiwengwa, na vijana wa ofisi moja wanachangishana kwenda kuogelea mwisho wa mwaka.

Juu ya jambo hili tumegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema likizo ni mambo ya Wazungu, ni israfu, na Muislamu hana haja nayo. Kundi la pili linasema fedha ni yangu, nimeitafuta kwa jasho la halali, basi nikifika kule niacheni nipumzike nipendavyo. Makundi haya mawili yanabishana misikitini na kwenye vijiwe vya kahawa, lakini yote mawili yameacha kuuliza swali lililo muhimu zaidi. Swali hilo ni hili: Muislamu anayekwenda kupumzika katika kisiwa cha watu, yeye ni nani kwa wale watu?

Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu huku Kagerankanda, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Huku kwetu neno likizo lina maana nyingine kabisa. Shule zikifungwa mwezi Juni, wanafunzi wangu wengi wanaingia mashambani kuwasaidia wazazi kuvuna. Siku moja tulikuwa katika mada ya swala ya msafiri, na mwanafunzi wa kidato cha tatu akauliza kama mtu anayesafiri kwa kustarehe tu naye anapunguza swala, au ruhusa ile ni ya mfanyabiashara na mgonjwa peke yao. Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa Unguja siku sita wakati wa likizo, na swali la kijana yule limenifanya niyapange upya niliyoyaona kule pamoja na tunayoyafundisha darasani. Nawaletea wasomaji matokeo yake.

Je, likizo inaruhusiwa?

Tuanze na kundi la kwanza. Hakuna dalili inayomkataza Muislamu kupumzika. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Salman Al-Farsy na ndugu yake Abu Dardaa. Abu Dardaa alikuwa akifunga kila mchana na kusimama kwa swala usiku kucha hata akamsahau mkewe. Salman alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake na ahali zake wana haki juu yake, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipopata habari hiyo alimsadikisha Salman. Basi baba anayewatoa mke na watoto katika chumba cha joto cha mjini akawapeleka waone bahari, huyo anatekeleza haki, ilimradi hakukopa kwa riba wala hakuacha deni la watu nyuma yake.

Zaidi ya hapo, Qur'an inatuhimiza tutembee katika ardhi. Lakini msomaji aangalie kwa makini namna amri hiyo inavyokuja. Katika Suratul Ankabut (29:20) kutembea kumefungamanishwa na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Katika Suratur Rum (30:9) kumefungamanishwa na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Katika Suratul Hajj (22:46) tunaambiwa kuwa faida ya kutembea ni kupata nyoyo za kufahamu na masikio ya kusikia. Kwa hiyo safari imeruhusiwa na imehimizwa, lakini haikuhimizwa kwa mtu anayekwenda amefumba macho.

Mgeni na mtalii

Sasa tuje kwa kundi la pili, la wale wanaosema nimelipa niacheni. Hapa ndipo penye kiini cha somo hili.

Lugha yetu ina maneno mawili. Lipo neno mtalii na lipo neno mgeni. Mtalii anafahamika kwa anachokilipia: chumba, chakula, boti, mwongozaji. Akishalipa, anahisi hadaiwi kitu. Mgeni anafahamika kwa uhusiano wake na mwenyeji, na uhusiano huo una haki na wajibu kwa pande zote mbili. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, kwa maana kwamba ujio wa mgeni umpe mwenyeji nafuu. Hao hao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa maana kwamba ugeni una mpaka na mgeni naye ana kazi.

Maneno hayo ya wahenga yanakaribiana na mafunzo ya Mtume (s.a.w.). Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ukarimu wa mgeni ni siku tatu na zaidi ya hapo ni sadaka, kisha likafuatia onyo kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Tafadhali msomaji lizingatie onyo hilo. Tumezoea kuisoma hadithi hii kwa upande wa mwenyeji, tukahimizana ukarimu. Nusu yake ya pili inamhusu mgeni, na inamwambia kuwa yeye ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha ujio wake haugeuki dhiki.

Atasema mtu kwamba hadithi hii inazungumzia mgeni wa nyumbani asiyelipa, na mimi nalala hotelini. Ni kweli, chumba umekilipia. Lakini maji unayooga yanatoka katika ardhi ya kijiji kile kile. Ufuko unaotembea ni njia ya wavuvi na wakulima wa mwani. Adhana unayoisikia ni ya msikiti wao, na watoto wanaokutazama ni watoto wao. Vitu hivyo havimo katika risiti ya hoteli, wala mwenye hoteli hana mamlaka ya kukuuzia. Fedha inakutoa katika deni la chumba. Katika ugeni haikutoi.

Idadi nayo inalifanya jambo hili kuwa zito. Kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773. Mwaka 2023 peke yake wageni kutoka nje waliofika walizidi 600,000, tukiacha sisi wa bara tunaovuka kwa boti. Katika nchi yenye wageni wengi kiasi hicho, adabu ya mgeni si suala la mtu na nafsi yake tu.

Nia inaingia mpaka katika rakaa

Nirudi kwenye swali la mwanafunzi. Kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili kumetajwa katika Suratun Nisaa (4:101), na mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yameeleza kuwa ni sadaka kutoka kwa Mwenyezi Mungu hata pakiwa na amani. Je, msafiri wa kustarehe naye anapata? Jibu la wanazuoni wengi ni ndiyo, kwa kuwa starehe ya halali ni lengo la halali.

Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika upwa wetu, safari iliyokusudiwa maasi haimpi mtu ruhusa hizi. Wanazuoni wa Kihanafi wao wanamruhusu, huku dhambi yake ikibaki palepale. Hoja ya Mashafii ni kwamba ruhusa ni msaada, na mtu hasaidiwi katika kumuasi Mola wake. Kwa hiyo kijana anayeaga nyumbani kuwa anakwenda kupumzika, na lengo lake hasa ni pombe ya ufukweni na mengineyo, ajue kuwa nia yake imeingia mpaka katika idadi ya rakaa zake.

Lipo na suala la masafa, ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanapaswa kulijua. Wanazuoni wengi wamekadiria masafa ya kupunguza swala kuwa kiasi cha kilomita 80. Kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Unguja ni kiasi cha kilomita 75 kwa njia ya bahari. Maana yake ni kwamba, kwa kipimo hicho, anayekwenda Mjini tu na kurudi hajatimiza masafa, na aliyekusudia tangu nyumbani kufika Nungwi au Paje ametimiza. Wapo wanazuoni kama Ibn Taymiyya walioona kuwa hakuna kipimo maalumu cha masafa, bali kila ambacho watu wanakiita safari ni safari. Kila mmoja afuate kauli ya mwanachuoni anayemwamini, lakini asiwe anachagua kila mara ile iliyo nyepesi. Kwa sisi tunaotoka Kigoma, ambao reli yetu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, suala hilo halina mjadala.

Tatu ni muda wa kukaa. Kwa Mashafii, aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaswali kamili tangu anapofika. Kwa Mahanafi ni siku kumi na tano. Hapa wengi wetu wanateleza. Mtu amelipia wiki nzima katika hoteli moja, na siku zote saba anapunguza na kuchanganya swala kwa hoja kuwa yeye ni msafiri. Kwa madhehebu anayojinasibu nayo, huyo ni mkazi tangu siku aliyoweka begi lake chumbani. Ama aliyegawa siku zake, mbili Mjini, tatu Jambiani na mbili Nungwi, yeye bado ni msafiri kote huko.

Na likizo ikiangukia Ramadhani, msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine (2:184-185). Ruhusa hiyo haikumpa haki ya kukaa barazani mchana kweupe akila mbele ya watu waliofunga. Unguja mwezi huo mji mzima hubadilika: mikahawa hufungwa mchana na watu hujisitiri kwa chakula chao. Mgeni mwenye adabu hujisitiri pamoja nao.

Kibaba cha maji na chumba cha hoteli

Haki ya mwenyeji inayokiukwa kuliko zote, tena bila mkiukaji kujua, ni maji. Unguja haina mto mkubwa. Watu wake wanategemea maji ya chini ya ardhi, na upande wa mashariki, kwenye fukwe zinazopendwa na wageni, ardhi ni mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Maji yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, maji ya chumvi huingia visimani.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa ripoti ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ripoti ilionyesha kuwa kaya ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93 hivi kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Yaani chumba kimoja cha wageni wawili kilimeza maji ya kaya zaidi ya thelathini.

Sasa tuweke pembeni yake kipimo cha Mtume (s.a.w.). Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo sisi tunaiita kibaba, na akioga janaba kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Pishi hii ndiyo tunayopimia Zakatul Fitri, na maji yake hayafiki lita nne. Muislamu anayejua kipimo hicho, akafungulia bomba la kuogea dakika ishirini kila atokapo baharini, kisha akaagiza taulo mpya asubuhi na jioni kwa kuwa amelipia, atajibu nini? Huku Kagerankanda mtoto aliyebeba ndoo kichwani anaijua bei ya maji kuliko mgeni huyo.

Kinachopendeza zaidi ni kwamba sheria imempa mtu wa pwani njia nyepesi. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuwa wanapanda bahari na maji kidogo ya kunywa, na wakitawadhia watapata kiu, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Akamjibu kuwa maji yake ni tohara na maiti yake ni halali. Hadithi hii imo katika Sunan za Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Basi aliyeko ufukweni akitawadha kwa maji ya chumvi udhu wake ni sahihi, na lita alizoziacha kisimani ni sadaka kwa mwenyeji wake.

Ufuko una wenyewe

Nenda Paje, Bwejuu au Jambiani maji yanapokupwa. Utawaona wanawake wameinama katika maji ya magotini wakifunga na kuvuna mwani kwenye kamba. Kilimo hicho kilianza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na kimewapa wanawake wengi wa vijiji vile fedha ya mkononi mwao. Katika miaka ya karibuni aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa kwa sababu maji ya bahari yamezidi joto. Kwa hiyo mama yule unayemuona yuko kazini, tena kazi ngumu. Mgeni anayepita katikati ya kamba zake kwa baiskeli au ubao wa kuteleza anakanyaga shamba. Na yule anayempiga picha akiwa ameloa bila kumuomba idhini amemvunjia heshima, hata kama picha ni nzuri.

Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaambia waliokaa njiani waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wanne hawa, au watano ukitaka kuhesabu hivyo, ndio adabu kamili ya ufukweni. Kuinamisha macho kunamhusu mwanamume kwanza (24:30), ambaye mara nyingi anazungumzia mavazi ya wanawake kabla hajazungumzia macho yake. Kujisitiri kunatuhusu sote. Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar imekuwa ikiwataka wageni wajisitiri wanapopita mitaani na vijijini. Mgeni wa mbali anaweza kusema hakujua. Muislamu kutoka Kariakoo atasema nini?

Nalisema hili kwa sababu nililoliona kule likanihuzunisha. Vijana wa kijijini wanapomuona mtu asiye Muislamu anakunywa pombe, wanajua kuwa dini yake ni nyingine. Wanapomuona aliyewasalimia asubuhi kwa Assalaam alaykum yuko baa jioni, wanajifunza kuwa dini ni vazi la nyumbani, na ukivuka maji unalivua. Hakuna khutba itakayofuta somo hilo kwa urahisi. Kwa upande mwingine, mzee mmoja wa Jambiani alipojua natoka Kasulu, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa hoteli gani nimefikia wala nimelipa kiasi gani. Aliuliza kama nimeshaswali Laasiri, akanionyesha msikiti ulipo. Yeye alinichukulia kuwa mgeni, na kwa swali lile nikajua kuwa nami nina la kumlipa.

Haki hiyo inawafikia na wanyama. Kizimkazi wageni wanakwenda kuwatazama pomboo, na watafiti wameeleza kuwa boti nyingi zinapowazunguka na kuwafukuza zinawasumbua katika kupumzika na kula. Mwambie nahodha wako kuwa humlipi ili awakimbize. Na kabla ya kupanda boti yoyote, ndogo au kubwa, tazama idadi ya watu na majaketi ya kuokolea. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam. Kusema nimetawakali huku boti imejaa ni kuisahau Aya inayotukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi (2:195).

Kisiwa kilichokuwa chuo

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita katika upwa wetu. Alilala usiku mmoja tu katika kisiwa cha Mombasa kabla ya kuendelea Kilwa. Kwa usiku huo mmoja aliona kuwa watu wa kisiwa walikula ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka upande wa bara. Akaona kuwa kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima na vyombo vya kutekea, na kila anayeingia huosha miguu kwanza. Msafiri yule hakuwa na kamera, lakini aliwatazama wenyeji kwa makini hata sisi leo tunawajua kwa maelezo yake. Wangapi kati yetu wamekaa Unguja usiku tano na hawawezi kutaja jina la mtaa mmoja?

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Wageni wengi wanafika Kizimkazi kwa ajili ya pomboo, wakapita karibu na mihrabu ya karne tisa bila kuswali rakaa mbili. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulikuwa chuo cha upwa mzima. Humo alifundisha Sayyid Ahmad bin Sumayt, Kadhi mashuhuri aliyefariki mwaka 1925. Humo Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka huo huo, alianzisha madrasa yake Ukutani. Na humo alizaliwa mwaka 1912 Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili, iliyokamilika mwaka 1969, imo katika nyumba nyingi za wasomaji wa gazeti hili. Baba anayewatembeza watoto Mjini na kuwaonyesha maduka ya vinyago tu amewapitisha mlangoni mwa chuo bila kuwaambia.

Lakini kutazama kwa macho wazi ni kutazama na yanayouma. Uislamu ulifika Ujiji kupitia njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Njia hiyo hiyo ilishusha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, na mahali pake, Mkunazini, pakajengwa kanisa la Waanglikana. Waislamu wengi wakifika pale hukasirika na kusema ni propaganda. Ni kweli kwamba yapo maelezo yanayotolewa kwa upande mmoja, na mara nyingi husahauliwa kuwa Wafaransa nao walinunua watu katika upwa huu kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion. Lakini sisi wa Kigoma hatuwezi kusema halikutokea, kwa sababu waliopitishwa njia ile walitoka bara, na huenda wamo babu zetu. Suratun Nisaa (4:135) inatuamrisha tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi ijapokuwa juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Dini haitetewi kwa kukanusha dhulma ya watu waliojinasibu nayo. Inatetewa kwa kuiita dhulma kuwa ni dhulma.

Hoja ya ajira

Hapana shaka watakuwepo watakaosema kuwa utalii umeleta ajira, na kwamba tukiwawekea watu masharti tutawanyima wenyeji riziki. Hoja hii ina ukweli na haifai kupuuzwa. Utalii ni tegemeo kubwa la Zanzibar, na vijana wengi, wakiwemo wa bara, wanakula kwa kazi hiyo. Wala mimi siwaambii watu wasiende. Nasema waende, na fedha yao ifike kwa mwenyeji. Mgeni anayelala katika nyumba ya wageni ya mwanakijiji, akala kwa mama lishe, akanunua karafuu na mdalasini kwa mkulima wa shamba la viungo na akamlipa mwongozaji bila kumnyonya, huyo ameleta riziki zaidi kuliko anayejifungia ndani ya ukuta kwa pakeji iliyolipwa yote kabla hajavuka maji. Adabu haipunguzi mapato ya mwenyeji. Inayapeleka kwa mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Kwa anayejiandaa na safari, nafupisha somo kama ninavyowafupishia wanafunzi wangu:

1. Safisha nia na mali. Lipa madeni kwanza, na usikope kwa ajili ya starehe. Israfu imekatazwa hata katika cha halali (7:31).

2. Jua hukumu za swala yako kabla ya kuondoka: masafa, siku utakazokaa na mahali utakapokaa. Muulize imamu wako akiwa mbele yako, usingoje ukwame ufukweni.

3. Uliza hoteli mapema juu ya chakula na kama kuna sehemu isiyouza pombe. Zipo nyumba za wageni za namna hiyo, nazo zinahitaji wateja.

4. Tumia maji kama mtu anayeyabeba kichwani.

5. Swali angalau swala moja kila siku katika msikiti wa kijiji. Hapo ndipo utakapowajua wenyeji wako, nao watakujua.

6. Wafundishe watoto jambo moja la historia kila siku, tamu na chungu.

7. Haja yako ikiisha, rudi. Mtume (s.a.w.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa inamzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akamtaka aliyemaliza haja yake aharakishe kurejea kwa ahali zake.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hajaiona bahari. Nilimjibu kuwa ndiyo, msafiri wa kustarehe anapunguza swala, maadamu starehe yake ni ya halali. Akauliza tena: je, na haki za watu wa kule nazo zinapunguzwa? Nikamwambia hapana. Katika safari Mwenyezi Mungu (s.w.) amepunguza haki Yake Mwenyewe, akatusamehe rakaa mbili. Haki ya mwenyeji hakuipunguza hata kidogo, na hakuna hoteli inayoweza kutuuzia ruhusa hiyo.

Wabillahi tawfiq.